Mpiga Eksirei wa Mawe ya Kyuso

Nusu ya watu wa Kyuso wamewahi kuvua shati mbele ya Abdulmalik Nuhu. Usifikirie vibaya. Mzee huyu alikuwa mpiga eksirei wa hospitali ya Mwingi tangu enzi za picha za kuanikwa kwenye kamba kama nguo, na yeyote aliyekohoa kupita kiasi, aliyeanguka kutoka kwa punda au aliyepigwa teke na fahali, aliishia kusimama mbele yake kifua wazi na kidevu juu, akisubiri kuambiwa maneno yale yale. "Vuta pumzi. Shikilia. Usitingishike." Mtambo ulilia kidogo, kisha: "Haya, pumua." Aliyasema kwa upole mwingi hivi kwamba wagonjwa wengine walisahau kupumua hata baada ya kuruhusiwa.

Babu yake alitoka Pwani na mzigo wa vitambaa, akafika Mwingi kuuza, akamwona binti wa Kikamba akichota maji, na biashara ya vitambaa ikaishia hapo. Kwa hivyo Abdulmalik alivaa kofia ya kufumwa kama watu wa babu yake, akatania kwa Kikamba, akagombana na wauza mbuzi kwa Kikamba, akasali kwa Kiarabu. Kiswahili alikiweka kwa ajili ya wagonjwa na wakubwa. Alipostaafu alihamia Kyuso, kwenye nyumba ya mabati ya buluu, akajipa kazi ya kufuga kuku wasiotaga, na angeendelea hivyo mpaka mwisho kama kampuni ya kutafuta madini isingekuja.

Kampuni ilikuja na malori, na mtambo wa kuchoronga ardhi, na kontena moja jeupe ambalo hakuna aliyejua lina nini. Wakaanza kutoboa mashimo kwenye nchi ile kavu, shimo baada ya shimo, na kila shimo likawa linatoa jiwe la mviringo, refu na jembamba, limekatikakatika kama miwa. Vijana walizipanga pingili hizo ndani ya masanduku marefu, kwa mpangilio ule ule zilivyokuwa ardhini, na juu ya kila pingili wakachora mstari wa kalamu nyekundu. Mstari huo ulisema jiwe lilikuwa limetazama wapi lilipokuwa bado chini. Upande wake mmoja ni mashariki, upande wa pili ni magharibi, na ukiufuta, hilo ni jiwe tu la kuegeshea mlango.

Ndani ya kontena mlikuwa na mashine ya eksirei. Ya mawe.

Aliyemfuata Abdulmalik nyumbani alikuwa Ilham, msichana wa Mwingi aliyesomea miamba mpaka akawa mkubwa wa kambi ile yote. Utotoni aliwahi kuteguka kiwiko, na mzee ndiye aliyempiga picha, akampa peremende asilie. Sasa alisimama kati ya wale kuku, buti zimejaa vumbi, akamwamkia.

"Shikamoo, Baba. Bado una leseni ya miale?"

"Marahaba, binti yangu. Leseni ninayo. Ni nani amevunjika?"

"Hakuna. Nataka unipigie picha mawe."

Abdulmalik alimtazama kuona kama anamchezea. Ilham akamweleza kwamba zamani walikuwa wakipasua kila pingili kwa msumeno, wakazituma zisagwe unga huko mbali, halafu wakakaa miezi kusubiri majibu. Siku hizi jiwe linapita ndani ya mashine likiwa zima, miale inalizunguka, na unaona kilichomo kabla hujaligusa kwa msumeno. Lakini serikali haikubali mtu yeyote tu acheze na miale, na katika tarafa ile nzima mtu aliyeizoea alikuwa mmoja, naye alikuwa anafuga kuku.

"Mawe hayatingishiki," Ilham alisema. "Utapumzika."

Siku ya kwanza, Kiilu, msimamizi wa uchorongaji, mtu wa maneno mengi kuliko mashimo, alileta sanduku la kwanza begani huku akicheka. "Daktari! Huyu mgonjwa amekaa chini muda mrefu. Muulize kama anakohoa."

Abdulmalik hakuwa daktari na hakuwahi kujiita hivyo, lakini Kyuso kila aliyevaa koti jeupe ni daktari. Aliipokea pingili kwa mikono miwili. Ilikuwa nyeusi, baridi, nzito, haina lolote la kuvutia. Ungeiona barabarani ungeipita. Akailaza kwenye kitanda cha mashine, akaufunga mlango mzito wa risasi, ile metali inayozuia miale, akajipapasa kifuani kuhakikisha kibandiko cha kupima miale kipo. Mdomo ukamponyoka kwa mazoea.

"Vuta pumzi. Shikilia. Usitingishike."

Kiilu alicheka mpaka akajishikilia ukutani. Lakini picha ilipotokea kwenye skrini, hata Kiilu alisogea kuitazama.

Ndani ya jiwe lile jeusi mlikuwa na mji. Punje ndogo ndogo za mviringo zilikuwa zimejaa humo kama uwele kwenye gunia, na nyingine zilionekana wazi kuwa ziliwahi kuviringishwa, zikaacha mkia nyuma yake, kana kwamba jiwe lile gumu liliwahi kuwa laini kama ugali. Mishipa myembamba ilipita katikati, ikagawanyika, ikagawanyika tena. Abdulmalik aligusa kitufe, picha ikazunguka, akaona nyuma yake, chini yake, ndani ya ndani yake. Miaka yote ile hospitalini alikuwa amezoea kivuli kilicholala bapa. Hapa angeweza kuingia na kutembea.

"Subhanallah," alisema. Akavuta kiti karibu na skrini.

Siku chache baadaye aliona kitu kilichomtoa machozi, na yeye si mtu wa machozi ya ovyo. Kwenye pingili moja palikuwa na ufa uliokata jiwe zima mshazari. Kingo zake mbili zilikuwa zimesogeleana zisikutane sawasawa, na katikati yake palikuwa pamejaa kitu cheupe, kimenona kidogo kuliko pembeni. Abdulmalik alikitambua mara moja. Alikuwa amekiona kwenye miguu na mikono ya watu mara zisizohesabika. Mfupa ukivunjika ukaachwa utulie, mwili huutengenezea gundi, na gundi hiyo hugeuka mfupa.

Alimwita Ilham mbio. "Hili lilivunjika," alisema akionyesha kwa kidole, "halafu likapona."

Ilham alitabasamu. "Ndiyo, Baba. Maji ya moto yalipita kwenye ufa, yakaacha kile yalichobeba. Ndivyo tunavyotafuta. Shaba ikiwepo, itakuwa pale pale lilipovunjika."

"Lilipona lini?"

Ilham akamtajia muda ambao mzee hakuweza kuushika kichwani. Kabla ya tembo, alisema. Kabla ya samaki. Kabla hakujawa na mfupa wowote duniani wa kuvunjika. Abdulmalik alitoka nje ya kontena akaitazama ile nchi ya Kyuso aliyoijua, vichaka vya miiba, mbuzi, vumbi jekundu. Alikuwa ameikanyaga miaka yote hii akidhani ni kavu na tupu. Jioni aliwaambia watu msikitini kwamba chini ya miguu yao mmejaa viungo vilivyoungwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe bila bandeji, na wazee wawili watatu wakaanza kuulizana kama miale haijamwingia kichwani.

Sasa, kazi ile ilikuwa na sharti moja, na sharti hilo Abdulmalik alilijua vizuri. Mpiga picha hasemi alichokiona. Hospitalini ilikuwa hivyo hivyo. Wewe unapiga, daktari anasoma, daktari anasema. Mgonjwa akikuuliza, unamjibu, "Daktari atakuambia," hata kama umeona wazi kabisa. Alilishika sharti lile kwa uaminifu, na lilimgharimu. Siku moja aliyesimama mbele ya mtambo alikuwa Esha, mke wake, aliyekuwa na kikohozi kisichoisha. Abdulmalik aliiona picha ikiwa bado inadondoka maji. Njiani kuelekea nyumbani Esha alimuuliza ameona nini. Akamjibu kama alivyowajibu wote. Daktari alikuwa na safari, na mpaka arudi, Abdulmalik alikula na mkewe, akacheka naye, akamsikiliza akipanga mambo ya mwaka ujao, huku anajua. Esha aligundua baadaye. Hakumlaumu kwa ukali. Alimwambia tu, "Ningependa kusikia kwako." Abdulmalik alimzika, akayabeba maneno hayo mpaka kustaafu, na hakuyaweka chini hata hapo.

Mwenye shamba walilotoboa mwisho aliitwa Kavindu, mama wa Mumbua, mjane wa marehemu Mutie. Shamba lake lilikuwa upande wa mashariki wa mto wa mchanga, kipande cha ndengu na mbaazi, zizi la mbuzi, nyumba ya matofali, na kaburi la Mutie chini ya mawe yaliyopakwa chokaa. Upande wa magharibi, ng'ambo ya mto, palikuwa na Kyamavia, kilima cha mawe matupu ambacho hata mbuzi walikidharau. Shimo la mwisho lilitobolewa mpakani kabisa, karibu na mto. Mashimo mengine yote yalikuwa yametoka matupu. Kama na hili lingekuwa tupu, kampuni ingefunga virago. Kama lingekuwa na shaba, swali lingebaki moja tu. Imelalia upande gani?

Ilham, ambaye hakupenda kumzungusha mtu, alikuwa amemweleza Kavindu waziwazi. Mshipa ukilalia magharibi, watachimba Kyamavia na yeye atabaki kuwaona kwa mbali. Ukilalia mashariki, watataka ahame.

Kwa hivyo Kavindu alianza kuja kwenye kontena. Hakuja kwa fujo. Alikuja na kiondo chake, kikapu cha mkonge, akakaa kwenye tofali nje, akamsubiri Abdulmalik atoke.

"Daktari, umeona nini?"

"Mama Mumbua, mimi napiga picha tu. Ilham atakuambia."

"Wewe hata kwa kifua cha Mutie ulisema hivyo hivyo. 'Daktari atawaambia.' Na ulikuwa umeona."

Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayekumbusha mwaka wa njaa fulani. Kisha akajipangusa vumbi, akaondoka. Mwaka ule hakuwa ametengeneza matuta ya shamba lake, ingawa mvua ya vuli ilikuwa inakaribia. Nani hutengeneza matuta ya shamba asilojua kama ni lake? Wanawake wenzake wa mwethya, kile kikundi chao cha kusaidiana kazi za shamba, walikuwa tayari na majembe yao, wakisubiri neno lake tu.

Pingili za shimo lile zilipoanza kupita kwenye mashine, Abdulmalik alijua mapema. Jiwe lilikuwa jeusi lile lile kwa nje. Ndani, mishipa ilikuwa inang'aa. Kitu kizito huizuia miale na kutokea cheupe, na hapa weupe ulikuwa umetambaa kila mahali jiwe lilipowahi kuvunjika, mnene na mwembamba, kama mishipa ya jani la kunde ukiliinua juani. Pingili baada ya pingili. Mashine yenyewe iliandika pembeni kwamba ni shaba. Mzee alisahau chakula cha mchana. Alikuwa akitamka jina la Mungu kwa kila picha, na Kiilu, ambaye kwa kawaida angekuwa na la kusema, alisimama mlangoni akiwa amevua kofia yake ya kazi.

Ilham alikuja kutoka Mwingi siku hiyo hiyo. Alizipanga picha moja juu ya nyingine, akapima mishipa imeinamia wapi kutoka kwenye ule mstari mwekundu, akapima tena. Halafu akaruka kama mtoto.

"Magharibi, Baba! Imelalia Kyamavia yote!"

Wakaenda wenyewe kumwambia Kavindu. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama wana uhakika, Ilham akasema picha imeonyesha. Kavindu akainua mikono. "Bwana asifiwe," alisema. Siku iliyofuata alimletea Abdulmalik sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharage, iliyojaa mpaka kifuniko kikakataa kukaa, na wiki ile wanawake wa mwethya waliingia shambani kwake wakiimba nyimbo za kanisani, wakachimba matuta mapya kuanzia juu hadi chini. Abdulmalik aliwasikia kutoka kontena. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, picha yake ilikuwa imempelekea mtu furaha. Alitembea Kyuso kifua mbele, mpaka muuza nyama akamuuliza kama ameoa.

Alikuja kujua asubuhi moja alipokuwa akirudisha pingili sandukuni.

Nyingi za shimo lile zilikuwa nyeusi kwa nje, lakini moja ilikuwa na mkanda mweupe mpaka kwenye ngozi yake, ungeuona kwa macho. Picha yake ilikuwa bado kwenye skrini. Abdulmalik aliishika pingili, mstari mwekundu umemwelekea, kichwa juu, akaitazama kwa kuipenda tu. Kwenye jiwe mkanda uliinamia mlango wa kontena. Kwenye skrini uliinamia ukuta.

Aligeuza jiwe. Akalirudisha. Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa. Mlango. Ukuta.

Akakumbuka siku ya kwanza kabisa. Kila mtu aliyefanya kazi yake anajua kwamba picha ya kifua husomwa kana kwamba mgonjwa amekutazama. Mkono wake wa kulia uko upande wa mkono wako wa kushoto, na moyo wake uko upande wako wa kulia. Ukiishi hivyo maisha yako yote, picha isiyokutazama inakuwa kama mtu aliyekupa mgongo. Mashine ya mawe ilikuwa inaonyesha jiwe limempa mgongo. Basi yeye, bila kumuuliza mtu, kwa adabu zake zote za hospitali, alikwenda mahali pa kugeuza kushoto kuwa kulia, akalifanya jiwe limtazame. Mashine ikakariri. Kwa mashimo yale matupu haikudhuru kitu. Tupu ni tupu ukilitazama kutoka popote.

Shaba ilikuwa imelalia mashariki. Ilikuwa chini ya ndengu, chini ya zizi, chini ya matuta mapya na mawe yaliyopakwa chokaa.

Abdulmalik alikaa. Kutoka nje alisikia vijana wakipakia vyuma vya kuchorongea kwenda Kyamavia. Nitasema ukweli kuhusu alichokiwaza, kwa sababu wewe pia ungekiwaza. Aliwaza kwamba wakitoboa kilima watakuta patupu, watakasirika, watafunga virago, na Kavindu atavuna ndengu zake. Hakukuwa na haja ya kusema uongo. Alitakiwa kunyamaza tu, na kunyamaza ndiyo kazi aliyoifanya kwa ustadi kuliko mtu yeyote Kyuso. Lakini aliitazama ile picha pale kwenye skrini, shaba ile yote iliyosubiri tangu kabla ya samaki, akaona kwamba hawezi kuisingizia kwamba haipo pale ilipo. Wala hakutaka kujua jambo kuhusu nyumba ya mtu huku mwenye nyumba akimletea muthokoi.

Alimpigia Ilham simu. Ilham alifika mchana, akachukua jiwe mkononi, akatazama skrini, akatazama jiwe. Akaketi taratibu kwenye kiti.

"Ni mimi," Abdulmalik alisema. "Niligeuza kushoto kuwa kulia. Nilidhani nairekebisha picha."

"Na mimi nikatazama picha tu, sikutazama jiwe," Ilham alisema. Alijifunika uso kwa viganja, kisha akavitoa. "Nitaandikia wakubwa wa Nairobi leo. Baba, naomba usimwambie mtu. Wataamua wao, halafu watatuma watu wa kumwambia Mama Mumbua kwa utaratibu."

"Lini?"

"Sijui. Wiki mbili. Mwezi."

"Atakuwa amepanda."

Ilham aliinuka. Alichukua simu akatoka kutafuta mtandao.

Abdulmalik alifunga kontena, akavaa viatu vizuri, akaenda kwa miguu mpaka kwa Kavindu. Alimkuta ameinama kwenye tuta, akisukumia udongo kwa mikono. Hakusubiri kukaribishwa uji.

"Mama Mumbua, nilikosea. Picha niliitazama kinyume. Shaba haiko Kyamavia. Iko hapa."

Kavindu alijiinua kidogo kidogo, mkono kiunoni. Nyuma yake matuta yalipangana mpaka chini mtoni, udongo wake bado mbichi.

"Ilham ndiye amekutuma?"

"La. Ilham amenikataza."

"Kwa hivyo mimi nakusikia wewe."

"Unanisikia mimi."

Kavindu alitazama chini, penye nyayo zake. Akasogeza mguu mmoja, kama mtu aliyekanyaga kamba akidhani ni nyoka. "Nionyeshe," alisema.

Hakuna mgonjwa aliyewahi kuonyeshwa picha na Abdulmalik. Wala hakuna mtu wa kijijini aliyewahi kuingia lile kontena. Alimfungulia mlango, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akairudisha mashine kama ilivyoletwa, kisha akailaza pingili kitandani na kufunga mlango wa risasi. Safari hii hakusema lolote. Mashine ililia. Picha ikatokea.

Kavindu hakupiga kelele. Alisogea mbele mpaka pumzi yake ikafunika skrini kwa ukungu, akaufuta kwa kona ya leso. Abdulmalik alimzungushia picha polepole. Alimwonyesha zile punje zilizoviringika. Alimwonyesha ufa ulipoanzia na ulipoishia, na mng'ao uliojaza ule ufa wote.

"Ngai!" Kavindu alinong'ona. "Hii ni ya wapi kabisa? Ya chini ya wapi?"

"Kutoka mpakani inainama kuja kwako. Inapita chini ya zizi. Chini ya nyumba."

"Na chini ya Mutie?"

"Na chini ya Mutie."

Kavindu aliunyoosha mkono, akaigusa ile mishipa kwa ncha ya kidole, kidole chenye udongo bado. "Mimi nilikuwa nalia njaa juu ya hii," alisema. "Mwaka ule mbuzi waliisha wote, nilikuwa nimelala juu ya hii. Mutie alikuwa akipiga jembe likigonga jiwe, anatukana. Anatukana hii." Akacheka, na machozi yakamtoka akicheka, na hakuyafuta. "Aiya, Daktari. Ni nzuri. Kwa nini hawakuniambia ni nzuri?"

Abdulmalik naye alikuwa analia.

Hapo ndipo Ilham aliporudi, simu mkononi, akasimama mlangoni. Alimwona mzee, akamwona aliyekaa kwenye kiti, akaiona picha inayong'aa katikati yao. Alifungua mdomo. Nadhani alikuwa na maneno ya utaratibu, ya sharti, ya Nairobi. Kavindu alimtangulia.

Kavindu hakuinuka. Aligeuza kiti kikamwelekea yule msichana, akaweka kiondo chake mapajani.

"Ingia, mwanangu," alisema. "Usiogope, nimeshaona. Kama ni kuhama, nitahama nikijua naacha nini. Na kama ni kukataa, nitakataa nikijua nakataa nini. Sasa tuongee."

Kiti kilikuwa kimoja tu humo ndani. Ilham aliingia, akatafuta pa kukaa, akaketi sakafuni karibu na masanduku ya mawe.